Wavu Usiomwagiwa Pombe

Wakristo wa kijiji chetu walimwimbia Mungu siku ya Jumapili, na Jumatatu wakawaomba wafu wawape nyama. Sikusimuliwa haya. Nimezaliwa kati yao, msituni Walikale, upande wa Mubi, na niliyaona kwa macho yangu. Kwa miaka mingi wamesema kwamba diploma ndiyo iliyonifanya niwadharau. Wanakosea. Niliwadharau kabla sijaipata.

Diploma yenyewe niliipata kwa jasho langu. Baba alifia porini wakati wa vita vya Wazungu, alipolazimishwa kukusanya utomvu wa mpira, na hakuna mtu wa ukoo aliyetoa hata kuku ili mimi nisome. Nilipanda milima ya Masisi kwa miguu mpaka misioni iliyokuwa karibu na Karuba, nikachunga ng'ombe asubuhi na kusoma mchana. Watoto wa mlimani waliniita mla nyani. Niliwapita wote kwa Kifaransa na kwa hesabu. Niliporudi nyumbani kwa likizo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa mwalimu mwenye diploma, viatu vya ngozi na baiskeli yangu mwenyewe. Katika kijiji chetu hakuna aliyewahi kunitangulia, na waliosoma baadaye walipita katika njia niliyoifyeka mimi.

Mama alinipokea kwa sombe, mboga ya majani ya mihogo, na ugali wa mihogo. Nyama haikuwepo. Nikamuuliza inawezekanaje kukosa nyama katika kijiji cha wawindaji.

"Nyama inafuata wavu," alisema. "Na wavu ya baba yako iko inalala."

Kwetu watu huwinda pamoja. Kila nyumba ina wavu wake uliosukwa kwa kamba za msituni. Nyavu hutandazwa katika mstari mrefu uliopinda, ncha ya huu ikifungwa na ncha ya ule, na wanaume wenye mikuki hujificha nyuma yake. Upande wa pili wenzao hupiga kelele na kuachilia mbwa wenye njuga za mti shingoni, wanyama wakimbilie kwenye nyavu. Baadaye kila nyumba yenye wavu hupata fungu. Nyumba isiyo na wavu hupata mifupa, tena kwa huruma. Mtu akifa, wavu wake haurudi kwenye mstari mpaka mrithi wake aumwagie pombe ya ndizi na kuwaita wafu kwa majina. Mrithi nilikuwa mimi. Mama alikuwa amebatizwa. Alikataa mtu mwingine asimame mahali pangu afanye hivyo, na kwa sababu hiyo alikula mboga miaka yote niliyokuwa Masisi.

Jioni ile alikuja mdogo wake marehemu baba, kibuyu mkononi. Baba mdogo huyu alikuwa mzee wa kanisa, aliyeketi mbele na kuwakemea vijana waliosinzia wakati wa mahubiri.

"Karibu, mutoto wangu," aliniambia. "Pombe njo hii. Kesho tunaenda mu pori. Sema maneno mafupi tu, wavu iamuke."

"Papa mudogo, Jumapili ulisali kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Na hii pombe ni ya nani?"

"Ya baba yako. Mungu iko juu, baba yako iko hapa chini, mu udongo yetu. Kila muntu na kazi yake."

"Basi umuombe baba akufundishe na Kifaransa."

Alivitazama viatu vyangu. "Viatu yako inasema sana," alisema. "Lakini miguu yenye iko ndani, siye njo tuliitoa funza."

Mama alikichukua kibuyu na kumrudishia. "Bwana yangu alibatizwa mbele ya kufa," alisema. "Sitamunywesha pombe mu kaburi."

Asubuhi niliubeba wavu mwenyewe begani, nikapita katikati ya kijiji ili kila mtu anione. Kabla ya kuutandaza nilivua kofia na kuomba kwa sauti, kwa jina la Yesu. Karibu wote waliosimama pale walikuwa wamebatizwa. Hakuna aliyesema amina.

Upande wangu wa kulia alikaa baba mdogo, na wa kushoto mpiga ngoma wa kanisa. Walitandaza nyavu zao vizuri, lakini hawakufunga ncha zao na ncha zangu. Waliogopa kwamba mkosi wa wavu usiomwagiwa pombe ungetambaa kwenye kamba na kuingia katika nyavu zao. Nilipotambua walichofanya, mbwa walikuwa wameshaanza kulia. Alitangulia mboloko, yule swala mdogo wa msituni, akapita katika nafasi iliyoachwa kati yangu na baba mdogo. Akafuata mwingine. Kisha nguruwe wa porini, dume na jike, wakapita upande wa mpiga ngoma, bila kusukumana, kama waumini wanaotoka ibadani. Tulirudi mikono mitupu.

Wanaume wakakusanyika kwenye barza, kibanda chao cha mazungumzo katikati ya kijiji.

"Wavu ya mwalimu inasoma," alisema mpiga ngoma. "Haikamate."

Wakacheka. Baba mdogo hakucheka. "Huyu mama aende Masisi na mutoto wake," alisema. "Kule banakula maharagi. Hapa atatuua na njaa."

Mama alisimama nje akisikia kila neno. Nyumba yake ilikuwa hapo, shamba lake, kaburi la mumewe. Hakuwa na kitu kingine duniani, na mzee wa kanisa alitaka kumfukuza kwa sababu alikataa kuabudu wafu.

Mkubwa wa nyavu, aliyeamua mambo yote ya uwindaji, alikuwa mzee ambaye hakuwahi kubatizwa. Alikuwa mpagani kamili, na pale barza ni yeye peke yake niliyeweza kusema naye kwa heshima.

"Papa," nilimwambia, "nyayo ziko kule. Nyama haikuruka wavu yangu. Ilipita mu mulango yenye hawa wawili waliacha."

Akawageukia. "Mulifunga?"

Mpiga ngoma alianza kujikuna mguu. Baba mdogo alitazama paa.

"Kesho mutafunga," alisema mzee. "Tukikosa, mama atatoka. Tukipata, atakula, na sitaki kusikia kitu tena."

Kesho yake walifunga. Baba mdogo alishika kamba yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nguo ya maiti. Mbwa hawakulia muda mrefu. Nguruwe dume aliingia moja kwa moja katika wavu wa baba, mstari mzima ukatikisika, na nyavu za wale waoga wawili ziliusaidia wangu usianguke. Nilimchoma mkuki mimi mwenyewe. Mikono iliyoandika Kifaransa ilikuwa haijasahau.

Nyama ilipokatwa mbele ya barza, baba mdogo alisimama.

"Sitaki kujisifu," alisema. "Lakini pombe nilimwaga. Usiku, kimya kimya, ju ya kumusaidia huyu mutoto. Wafu wamesikia."

Niliwaona watu wakishusha pumzi. Kumbe hilo ndilo walilokuwa wakilisubiri. Nilisema anadanganya, lakini hakuna aliyenigeukia. Paja la nguruwe likawekwa chini mbele ya mama, na baba mdogo akamwambia, "Shukuru bwana yako."

Mama hakuinama. "Shemeji," alisema, "wavu ililala chini ya kichwa yangu, na mulango ilifungwa. Uliingilia wapi? Mu tundu ya panya?"

Wengine walicheka na kuziba midomo.

"Mwanamuke hasemake mu barza," alisema baba mdogo. "Hata mu kanisa."

"Mu kanisa nilikusikia unasema uongo ni zambi." Kisha akamgeukia mkubwa wa nyavu. "Papa, kama hii paja ni haki ya wavu ya bwana yangu, nitachukua. Kama ni zawadi ya wafu, muwape wafu bakule."

Akasimama akingoja. Nzi walikuwa wameanza kutua juu ya nyama. Nilijua kwamba akiondoka bila fungu lile hatapata jingine, lakini neno lilikuwa lake. Mkubwa wa nyavu aliinuka polepole, akaliokota paja na kulitia katika kikapu cha mama.

"Ni ya wavu," alisema.

Mama alilipika na kuacha mlango wazi. Hakuna mtu aliyeingia. Tulikula wawili, tukashiba.

Nilirudi Masisi kwenye shule yangu. Kwa kuwa wavu wetu ulikuwa umesharudi kwenye mstari, mtu yeyote wa ukoo aliweza kuutandaza, na kwa amri ya mkubwa wa nyavu baba mdogo alilazimika kuufunga na wake kila walipowinda. Kisimani wanawake walimpita mama bila salamu, lakini fungu lake halikukosekana mpaka alipokufa. Baba mdogo aliendelea kusema kwamba pombe yake ndiyo iliyomlisha, na Jumapili aliendelea kuketi mbele kanisani. Sikumpa mkono tena, na sijuti.