Mipulizo Minne kwa Siku

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi mama alinipigia simu. Nilikuwa Kwihara, nimeifungua cherehani ya mteja juu ya mkeka. Dawa ya mama ya kikohozi nilikuwa nimeifungia kwenye kabati la chuma nyumbani, Ng'ambo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Kifua kimekubana?" nilimuuliza.

"Mimi mzima. Ni mwenzangu wa vitumbua. Hapati pumzi."

Huyo alikuwa jirani yetu, mjane aliyekaanga vitumbua kwa kuni tangu kabla sijaoa. Kukohoa kwake nilikuzoea kama sauti ya jogoo.

Mama naye alikuwa na kikohozi cha miaka mingi. Daktari alimpa pampu ya kuvuta kwa mdomo, akatueleza kuwa haiponyi. Inalegeza njia za hewa zilizobana, kwa saa chache. Nilisoma karatasi yake yote. Kopo la pampu lilikuwa na mipulizo mia mbili. Miwili asubuhi, miwili jioni: siku hamsini. Liliisha siku ya ishirini na tano.

"Labda linavuja," mama alisema.

Nilidhani anajizidishia, na karatasi ilionya kuhusu moyo kwenda mbio. Nikanunua kopo jingine, nikalifungia, nikawa nampa kwa mkono wangu. Hakubisha.

Jirani ndiye aliyenitania. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, karani wa pumzi. Leo mama yako umempimia ngapi?" Nikacheka, nikapita.

Sasa mama alikuwa anasema kwenye simu, "Nilikuwa nampa miwili asubuhi akishawasha moto, na miwili jioni. Ningemnyimaje, naye amekaa hapo ananisikia nikivuta?"

Nikamwambia avunje kabati, nikatafuta bodaboda. Nilifika saa tatu na dakika kumi. Mlango wa kabati ulikuwa umebonyea mahali pengi kwa mchi, lakini haukuwa umefunguka. Majirani walikuwa wameshampakia mgonjwa kwenye bajaji na kuondoka. Alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Sijui kama mipulizo miwili ingemfikisha. Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na sijapata ukurasa wa kunijibu. Ninachojua ni kwamba kwa siku kumi na moja, tangu nilifungie kopo, aliendelea kumletea mama vitumbua vyake kila asubuhi, akaketi kidogo, akakohoa, akarudi kwenye moshi.

"Ungeniambia," nilimwambia mama baada ya mazishi.

"Ungesema dawa ya mtu haigawiwi."

"Ningesema hivyo, ndiyo."

"Basi."



Kopo moja nilinunua kwa shilingi elfu kumi, yaani shilingi hamsini kwa mpulizo. Mipulizo minne ya jirani kwa siku, siku kumi na moja: niliokoa shilingi elfu mbili na mia mbili.