Mjane wa Mferejini Alipovishwa Miwani ya Jua

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo vitabu vinene nasomewa. Mjukuu wangu alinisomea kile cha mjane tukichambua maharagwe huku Werugha. Chifu anamnyang'anya mjane zamu yake ya maji. Mjane anapanda juu mlimani yanakotoka maji, anakaa katikati ya mfereji na kuuziba kwa makalio yake. Hasemi neno. Shamba la chifu linakauka mpaka wazee wanakwenda kumrudishia zamu yake. Nilimpenda mwanamke huyo. Sijapata kusomewa habari za mtu mwingine mwenye visigino vilivyopasuka kama vyangu.

Shule ikamchagua mjukuu wangu aigize mjane kwenye mashindano ya michezo ya kuigiza kule Voi. Nilijigamba kanisani mpaka mchungaji akanikoholea.

Wiki moja kabla, mtoto akaja amenuna. Mwalimu wao, kijana wa mjini, alikuwa amekitengeneza kitabu upya ili kiende na wakati. Sasa mjane ana miwani ya jua na simu. Anajipiga video mferejini, anaimba akikata kiuno, na mfadhili anaiona na kumchimbia kisima. Mwishoni chifu anamchumbia. Nikauliza kama huyo mwalimu amewahi kushika jembe.

"Nyanya, anasema mjane akinyamaza watu watasinzia. Nifanyeje?"

Nikamwambia anayemjua mjane ni yeye, si mimi wala mwalimu.

Siku yenyewe nilishuka Voi na gauni langu la Pasaka. Jukwaani walikuwa wamechora mlima, na mfereji ulikuwa kitambaa cha buluu. Wakakivuta kutoka bondeni kwenda kileleni. Maji yanapanda mlima! Chifu naye akauziba mfereji kwa kiti cha plastiki. Kwetu mfereji unazibwa kwa gogo la mgomba na tope. Kwa kiti utaziba labda upepo. Mama aliyekaa kando yangu akapiga makofi, akasema huo ndio usasa. Nikamwomba siku maji yakianza kupanda mlima kwao aniite, nihamie.

Wimbo ukaanza. Mjukuu wangu akaingia na miwani yake, akatembea mpaka kwenye kile kitambaa. Akaivua. Akaiweka chini pamoja na simu, akakaza leso kiunoni, akakaa. Muziki ukaendelea peke yake kama mlevi asiyejua wenzake wameshakwenda nyumbani. Mwalimu alikuwa pembeni akimnong'onezea maneno, kisha akawa anamfokea kabisa. Mtoto hakupepesa jicho. Ukumbi mzima ukatulia, na sikuona aliyesinzia.

Majaji walisema msichana alisahau maneno yake. Shule yao ikatolewa.

Mwalimu akanifuata nje. "Shosho, mtoto wako ametuangusha."

"Kwani kwenye kitabu mjane anasema nini?"

Akakuna shingo. Alisema kwa kweli hakukimaliza, alisoma ule muhtasari wa nyuma.

Mjukuu wangu nilimkuta ukutani analia. Alikitaka kile kikombe cha ushindi kama wenzake walivyokitaka, na wenzake walikuwa wamempa mgongo. Akaniuliza kama aliharibu.

"Uliharibu mgongo tu," nikamwambia. "Mtu aliyekalia maji ya mlimani hakai wima kama bibi harusi. Anajikunja, meno yanagongana."

Akacheka, kamasi zikimtoka. Kisha akachuchumaa palepale kwenye vumbi, akajikunja, akaniuliza, "Hivi?"

Nikamwambia ajikunje zaidi.