Felisita, Simu na Shati la Mkwe

Felisita ni tabibu wa zahanati moja huko Nkoma. Kwa miaka mingi ameisumbua simu yake kama mganga anavyosumbua mizimu: anaitupia neno moja la kutafuta, anangoja miujiza. Semina ya Bariadi ilimfundisha kwamba swali la kutafutia utafiti lina miguu minne kama ng'ombe: mgonjwa ni nani na kapatwaje, unamfanyia nini, badala ya nini, ili apate nini. Alikula pilau ya semina, akarudi na shibe tu.

Msimu wa kupulizia pamba dawa ya wadudu, wakamletea mkulima Mihayo juu ya baiskeli. Mate yanamtiririka, anatapika, mboni zimekuwa tundu za sindano, pumzi inakatika. Nyuma yake anakuja mama mkwe wake, Milembe, na kibuyu cha maziwa.

"Dawa ya pamba hiyo, mayu, mama yangu. Namnywesha maziwa, hayaingii."

Felisita akamchoma sindano ya atropini ya kupambana na sumu, kisha akaandika kwenye simu: sumu. Zikaja tafiti za panya, za mahindi yenye ukungu, na za nge wa Brazili.

"Inasemaje?" Milembe akauliza.

"Inasema nge."

"Basi maziwa yaendelee!"

Hapo ndipo semina ilipomrudia. Akaanza upya, kwa sauti: "Mtu mzima, amekunywa dawa ya pamba..."

"Nani kanywa?" Milembe akamaka. "Bomba la kupulizia limemvujia mgongoni tangu asubuhi!"

Felisita akavaa glavu, akaligusa shati. Chepechepe. Akaandika tena: dawa ya pamba ngozini, kuosha kwa sabuni au kunywesha maziwa, kipi kitamwokoa. Safari hii nge hawakuja. Simu ikajibu: mvue, mwoshe, maziwa weka kando.

"Sasa mbona hamkumvua?"

"Mbele yangu? Mimi mama mkwe wake!"

Kumbe ukoo mzima ulikuwa unamuua kwa adabu.

"Basi toka nje, mayu."

"Na maziwa?"

"Toka nayo."

Shati likavuliwa, na suruali, na kila kilichobaki. Sabuni, ndoo baada ya ndoo, atropini tena na tena. Jua lilipoanza kushuka pumzi ikatulia. Mihayo akafumbua macho, akajipapasa chini ya shuka, akakuta hana kitu mwilini.

"Mkwe kaona?"

"Yuko nje tangu mchana."

"Mungu mkubwa," akasema Mihayo, akalala.