Mtumbwi wa Watu Wanne

Kwetu juu milimani, mtu akisema ana mtumbwi, wa kwanza kumsikia atamuuliza anavua nini. Mimi sivui kitu. Hata samaki nilianza kuwala baada ya kuoa, na mara za kwanza nilikuwa nawala kwa heshima tu. Nilikua nyuma ya ng'ombe wa baba yangu, maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya kunyweshea mifugo, na kuogelea sijui mpaka leo. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Bunia: misumari, mabati, rangi, kufuli. Kwa hiyo wanaoniuliza nilifuata nini ziwani wana haki ya kuuliza, ingawa wengine huuliza kwa kicheko ambacho sikipendi.

Nilichofuata ni mke wangu. Yeye ni mtu wa ufukweni, upande wa Mahagi, binti wa wavuvi. Aliondoka Bunia na watoto wetu wawili mwaka ambao milio ya risasi ilikaribia sana mtaa wetu. Walivuka kwenda Uganda, wakafika Kampala kwa dada yake. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kiume saba. Mimi nilibaki kulinda nyumba na duka. Tulisema ni miezi michache. Hali ikatulia, ikachafuka, ikatulia tena. Huko nako watoto wakaingia shule, na shule haikatizwi ovyo. Basi wakabaki huko, nami nikabaki huku. Jioni nilikuwa nachelewa kufunga duka kwa makusudi, nikipanga upya makopo ya rangi ambayo yalikuwa yameshapangwa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulitaja neno lenyewe.

Siku moja katika simu mke wangu akasema, "Papa, nakumbuka maji ya kwetu. Batoto hata kasia hawajui kushika." Akahamia kwenye habari nyingine, lakini mimi sikuhama naye. Nilijiambia: nyumba haikuwarudisha, labda maji yatawarudisha. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikateremka kwa njia ya Bogoro na gari la duka mpaka Tchomia, pwani ya ziwa, nikamtafuta fundi wa mitumbwi aliyekuwa mteja wangu wa misumari.

Fundi huyo ni mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na yote ya kuuma. Nilipomweleza ninachotaka, aliacha randa yake akanitazama. "Mutumbwi ya kutembea tu? Hapana nyavu?" Nikasema hakuna nyavu. Akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mbao zake nanunua kwa fedha yangu, akatikisa kichwa, tukaelewana. Mtumbwi wenyewe ulikuwa umeshaundwa kwa ajili ya mvuvi mmoja aliyebadili mawazo. Kilichobaki ilikuwa kuugeuza uwe wa familia.

Shida ya kwanza ilikuwa mabenchi. Fundi huyu ana desturi yake, na hakubali kuivunja: hapigi msumari wa benchi mpaka wenye mtumbwi waje wakae ndani yake, ukiwa majini, kila mtu mahali pake. Anasimama kwenye maji hadi kiunoni, anatazama mtumbwi umelala upande gani, anamsogeza huyu mbele, yule nyuma, anapima magoti yao kwa mkono, ndipo anapiga. "Patron, leta batu bako baikale," aliniambia. Nikamwambia wako Kampala, watakuja vakansi kubwa, shule zikifungwa. Akasema basi tungojee vakansi kubwa.

Mimi kungoja sikujua. Nyumbani kwetu, kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, kuna alama za kalamu tulizokuwa tunachora kila mwisho wa mwaka kupima urefu wa watoto. Nikachukua kamba, nikapima alama ya juu ya kila mtoto, nikafunga fundo, nikapeleka kamba Tchomia. Kwa uzito, fundi akanitaka nijaze mifuko ya mchanga: mmoja mkubwa wa mama yao, miwili midogo ya watoto. Nikakaa na mifuko yangu mtumbwini huku vijana wa pwani wakicheka mpaka wakakaa chini. Mvuvi mmoja alipita akanisalimia vizuri, kisha akaugeukia mfuko mkubwa: "Na mama, muko muzima?" Hata mimi nilicheka. Fundi hakucheka. Alipima, akapiga misumari, akaniambia waziwazi kwamba kazi hii ameifanya bila kuipenda.

Nikampigia mke wangu kumwambia mabenchi yamekwisha. Akasema, "Ni vizuri." Kisha: "Na jua je? Kule katikati hakunaka kivuli." Nami nikasikia sharti. Vakansi ile hawakuja, kwa sababu mtoto wa kiume alikuwa na malaria, na mimi nikajua sababu halisi ni jua.

Mwenye duka la mabati akiambiwa kivuli atafikiria nini? Nilishusha mabati sita, ya rangi ya bluu, yale mazito. Fundi alizunguka mtumbwi mara mbili. "Patron, hii ni nyumba ao ni mutumbwi?" Nikasema ni mtumbwi wenye heshima. Tulipoingia nao majini upepo wa kwanza tu ulishika paa, mtumbwi ukalala upande, na mimi nikajikuta nimekumbatia mfuko wa mchanga wa mke wangu kwa nguvu zote. Tukarudi pwani, mabati yakarudi Bunia, na kwa wiki nzima sikutaka mtu anitajie neno paa. Mwishowe tulipinda nondo, tukafunga bashi ya turubai inayokunjwa upepo ukija. Kivuli kilikuwa kizuri kweli. Nilipiga picha nikatuma.

"Ni vizuri," mke wangu akaandika. Kisha: "Mota isizime tu katikati."

Basi nikaingia katika habari ya mota. Nilikuwa na ndogo, ya nguvu za farasi nane, inayotosha kabisa kwa mtu anayekwenda kutazama maji na kurudi. Nikaanza kuulizia ya kumi na tano. Fundi alinionya kwamba ubao wa nyuma hautabeba kitu kizito namna ile, kwa hiyo tukang'oa ubao wa nyuma, tukaweka mwingine mnene, tukaufunga kwa bolti ndefu kutoka dukani kwangu. Mota kubwa ikakaa. Ile ndogo sikuiuza. Nikaifungia pembeni iwe ya akiba. Jioni nilikuwa nasoma habari za plagi na mafuta mpaka macho yanauma, mimi ambaye hata gari langu nilikuwa naliacha kwa makanika bila kuuliza neno. Nilikuwa na furaha ya ajabu wakati huo, lazima niseme. Kila kifaa nilichochagua kilikuwa kama mazungumzo na watu wangu.

Baada ya mota zikaja jile, zile fulana za kuokolea, mbili kubwa na mbili ndogo za rangi ya chungwa. Halafu magodoro ya benchi, yaliyoshonewa kitambaa kisichonywa maji. Halafu sanduku la kuwekea chakula. Halafu ngazi ya kupandia, kwa kuwa mke wangu aliuliza mtu aliyevaa kitenge anapandaje. Kila nilipoongeza kitu, nilimpigia. Kila nilipompigia, alisema ni vizuri, akauliza swali moja. Miaka ikapita hivyo. Mimi sikuwahi kuvuka kwenda kuwaona zaidi ya mara moja, siku nne tu, na siku hizo nne nilikuwa na wasiwasi wa duka. Nilisema duka haliachwi. Nilisema pia kwamba mtumbwi ukikamilika wao ndio watakuja, kwa hiyo hakuna haja.

Jumapili nilikuwa nateremka peke yangu. Fundi alishika mota, mimi nikakaa benchi la pili, mifuko ya mchanga chini ya mabenchi ili tusiyumbe. Tulikwenda mpaka pwani ikawa mstari mwembamba, tukazima, tukakaa. Mbele yangu magodoro mapya, safi, ambayo hayajawahi kubonyea. Halafu tulirudi.

Binti yetu alikuja mwaka huu. Hakuja kwa ajili ya mtumbwi. Alihitaji hati ya kuzaliwa kutoka ofisi ya komuni ya Mbunya, hapa mjini, kwa masomo ya juu, na hati hiyo ilitaka mwenyewe awepo. Aliingia dukani mchana, nikamuuliza, "Nikusaidie nini, mama?" kabla sijamtambua. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kunipita, na sauti ya mama yake. Nilijifanya nilikuwa natania. Alikubali kuwa natania.

Karatasi zilitoka siku ya tatu. Siku ya nne, kabla ya kurudi, nikamwomba tushuke Tchomia. Njiani nilizungumza bila kupumzika: bashi, bolti, ngazi. Yeye alisikiliza kwa adabu. Fundi alipomwona alishusha kofia, akaitoa mifuko yote mitatu ya mchanga akaitupa pwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona ametabasamu.

Binti yangu alipanda ngazi akaketi kwenye benchi lake. Magoti yakampanda mpaka kifuani. Akajaribu kuyapeleka upande, yakagonga ubao. Jile aliyopewa haikufunga hata kishikizo kimoja.

"Papa, hii benchi ulifanyia nani?"

"Weye," nikasema.

"Mie wa mwaka gani?"

Nikamweleza habari ya kamba na mlango wa jikoni. Nilidhani atacheka. Tulikuwa tumeshaiacha pwani; fundi, nyuma yetu, alipunguza mota. Binti yangu aliweka jile ile ndogo mapajani, akaishika shika, kisha akaniambia jambo ambalo nililisikia vizuri sana ingawa upepo ulikuwa mwingi.

"Mwaka wa kwanza mama alikutafutia nafasi ya duka, karibu na kwetu kule. Alizungumza na mwenye nyumba. Alikuwa anatuambia: papa anakuja mwezi wa sita. Ndipo ukatuma picha ya kivuli, na yeye hajakuambia bado." Akaiweka jile pembeni. "Kila mara uliongeza kitu, mama alisema basi, na mwaka huu papa haji. Mutu mwenye anajenga hivi hana mawazo ya kutoka. Siye tulikuwa tunakungojea weye, papa."

Nilimwambia kwamba mama yake ndiye aliyeuliza. Aliuliza jua, aliuliza mota, aliuliza ngazi. Nilisema kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

"Alikuwa anauliza ili usikate simu," akasema.

Nilimfanyia fundi ishara turudi. Njia yote ya kurudi binti yangu alikuwa amekaa chini, kwenye sakafu ya mtumbwi, miguu ameinyoosha, kwa sababu hapo ndipo alipoenea. Alitazama maji na nadhani aliyapenda. Mimi nilimtazama yeye.

Pwani nilikwenda pembeni, nyuma ya mbao za fundi, nikampigia mke wangu. Alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya upole, ya kuchoka kidogo.

"Ni vizuri, papa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Sasa umeongeza nini?"

Nikasema sijaongeza kitu. Nikasema nataka kuuliza mimi leo: huko kwao bado iko nafasi yangu?

Nilisikia pikipiki za Kampala zikipita upande wake, na mlango ukifungwa, na mwanangu wa kiume akiuliza jambo kwa sauti nzito ambayo sikuijua.

"Iko," akasema mwishowe. "Lakini imekuwa ndogo."

Nikamwambia nakuja, nitakaa hivyo hivyo ilivyo.