Mawe Meupe Miguuni pa Kitanda

Baba mkwe wangu ni fundi wa vioo, lakini mtaani wanamwita Bwana Mawe, na jina hilo amelipata kwa haki. Matangi ya samaki wa maji chumvi yaliyomo katika hoteli na kliniki za mjini, mengi ameyajenga yeye, na kioo hakijawahi kumsumbua. Asubuhi anakikata, mchana anakigandisha kwa silikoni, jioni anakunywa chai. Kinachomla umri ni mawe ya kuweka ndani. Nilipokwenda kuposa, alinikubali kabla chai haijapoa, na wiki hiyo hiyo akarudisha dukani ndoo nzima ya mawe kwa kuwa hayakumkaa moyoni. Mke wangu mpaka leo hajui acheke au anune.

Mama mkwe naye alipatikana kwa njia ya mawe. Alikuwa akipokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, bwana huyu akaja kufunga tangi katika chumba cha kusubiri. Kazi ilivutwa na kuvutwa hadi daktari akamuuliza kama anajenga tangi au ghorofa. Alitoka pale na mchumba. Ila kinyozi hajinyoi: miaka yote ya ndoa yao, nyumbani kwao hapakuogelea hata samaki mmoja.

Kisha figo za mama zikachoka. Daktari hakuzunguka maneno, alituambia dawa zitampunguzia maumivu tu. Mama akarudishwa nyumbani, akalazwa kwenye kitanda chao cha harusi, kile cha mbao nzito chenye ubao mrefu miguuni. Akaomba kitu kimoja.

"Maisha yote umewajengea watu," alimwambia mumewe. "Na mimi nijengee langu, hapa chumbani. Nataka kuona samaki kabla sijaondoka."

Mzee alilia kidogo, akafuta macho, akaenda kukata kioo. Haukupita muda tangi likawa limesimama mbele ya miguu ya kitanda, juu ya meza fupi ili mkono wake ufike chini bila ngazi. Kioo cha nyuma alikipaka rangi nyeusi mawe yapate kujitokeza. Sote tukafurahi. Tulisahau kwamba mawe yenyewe bado.

Nilimsindikiza dukani. Muuza samaki, mwanamke mwenye sauti ya mnadani, alimtolea mawe yaliyotoka majini asubuhi hiyo, yamefungwa kwenye gazeti lililolowa. Yalikuwa na utelezi, na konokono wadogo walikuwa wakitembea juu yake.

"Chukua haya, shemeji. Yana uhai tayari, hayatakuchelewesha. Siku chache tu unatia samaki."

"Yana uhai na yana wageni," mzee akajibu. "Humo kuna minyoo ya kula matumbawe. Sitaki mdudu nisiyemjua chumbani kwa mke wangu."

Alichukua makavu, meupe kama chokaa. Kila jiwe alilipima mkononi: likiwa zito kuliko linavyoonekana, analirudisha, kwa sababu halina vitundu ndani vya kupitisha maji. Mchanga nao ukawa kesi nyingine. Laini sana utatimuliwa na pampu, mkubwa sana utameza uchafu. Muuza samaki akachoka, akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Mzee hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Nimtendee haki: alichofanya chote kilikuwa sahihi. Aliyaloweka mawe yakatoa uchafu wa zamani. Aliyasimamisha juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo akamwaga mchanga pembeni, maana samaki wanaochimba wakikuta jiwe limekalia mchanga huliangusha. Lakini jiwe kavu ni jiwe lililokufa. Ndani yake hamna vile vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki, na mpaka vizaliane, maji ni sumu. Basi ikawa kungoja. Kila asubuhi alichota maji kwenye kichupa, akatia dawa ya kupimia, akaangalia rangi.

"Leo je?" mama anauliza.

"Bado."

"Tia hata mmoja. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Atakufa mbele ya macho yako. Unataka kuona hilo?"

Na mzee, kwa kuwa hakuweza kuharakisha maji, akahangaika na mawe. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya tangi, mgongo kwa mgonjwa, mkono majini hadi kwapani, akihamisha pango huku, akisogeza daraja kule. Mama akimwita aje akae kitandani, anasema, "Bado kidogo, nimalize hili." Nilikuwa namkasirikia. Nilimwambia mke wangu kwamba baba yake ameoa mawe. Mke wangu akaniambia nifunge mdomo.

Cha ajabu, mama aliacha kulalamika. Mzee akimuuliza, "Unaona vizuri hapo?" anajibu, "Naona vizuri sana. Usihame." Siku moja nilimsikia akisema, "Ukimaliza hilo, anza tena." Nilidhani anamtania. Mzee alidhani anayasifu mawe, akazidi kuyapanga.

Mama alifariki asubuhi, mawe yakiwa meupe vilevile. Siku chache baada ya maziko, rangi ya kichupa ikasema maji yako tayari. Mzee alikitazama, akakimwaga kwenye sinki. Hakununua samaki.

Wiki zikapita. Alasiri moja tulikwenda kumtembelea. Mzee alikuwa halali vizuri, mke wangu akamlazimisha ajinyooshe, na kwa mara ya kwanza akalala upande wa mama, kwenye mto wa mama. Mke wangu akavuta kigoda, akaanza kufuta chumvi iliyoganda kwenye kioo.

"Mwanangu," mzee akasema, "usihame hapo."

"Kuna nini, Baba?"

Mzee alinipungia mkono, akasogea ili nami niweke kichwa changu pale. Nikaona aibu, lakini nililala. Ubao wa miguuni ulifunika mawe yote. Pango, daraja, mchanga ule wa kesi, vyote havikuonekana. Alikuwa ameyapima akiwa amesimama na akiwa kwenye kigoda, wala hakuwahi kulala pale ayatazame. Kilichobaki juu ya ubao ni maji matupu, kioo cheusi nyuma yake, na uso wa mke wangu ndani ya kioo, unaonekana waziwazi mpaka kope.

Mzee aliketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini.

"Alikuwa ananitazama mimi," akasema. "Muda wote ule. Na alikuwa ananiita."

Mke wangu aliacha kufuta, akamgeukia.

"Nilikuwa hapo hapo," mzee akasema. "Ningegeuka tu."