Namba Aliyomwachia Huwaida

Bi Alawiya wa Mkomani si mtu wa kuchezewa, na anayebisha akamuulize fundi yeyote wa Lamu aliyewahi kupaka chokaa mkono mmoja akadai amepaka miwili. Miaka kumi na tisa anaangalia nyumba za watu walioko mbali. Anapokea wageni wao, anasimamia usafi, anajua tangi la nyumba gani linavuja na paka wa nani huingia jikoni. Nyumba kumi na moja. Wenyewe wako Maskati, Mombasa na Uingereza, na wote wanamjua kwa namba moja tu, ile ya simu ya mezani iliyoko ofisini kwake.

Shida ilikuwa moja. Akiwa Shela anakagua bomba, simu inalia ofisini na hapana mtu. Basi akamwita Chelangat, fundi wa mitandao, mwanamke wa Bomet aliyehamia kisiwani miaka sita iliyopita. Chelangat akaunganisha simu ya mezani na ya mkononi zikawa kitu kimoja. Ukiipiga namba ile ile ya zamani, inalia mezani na inalia mkononi mwa Bi Alawiya, awe Shela, awe Faza, awe Kiwayu. Mazungumzo yanarekodiwa na kufungwa, mtu wa nje asiyasikie. Na juu ya yote kuna neno la siri moja, la mwenye ofisi. Aliye nalo ndiye anayeamua simu ya nani iende wapi.

"Hilo usimpe mtu, Bi Alawiya," Chelangat alimwambia. "Hata mimi usinipe. Ukitaka msaidizi, nitamfungulia nafasi yake ndogo. Atapokea simu, basi. Hataweza kubadilisha kitu."

Bi Alawiya akakubali, tena kwa moyo mmoja.

Kisha Bwana Mselem, mumewe, akalala baada ya adhuhuri na alasiri hakuamka. Inna lillahi. Bi Alawiya akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja wala manukato, na bila kusema na mwanamume asiye maharimu wake. Wako watakaokwambia kwamba haja ya kazi inaruhusiwa, na masheikh wamelieleza hilo. Lakini nyumba ya kina Alawiya ina mwendo wake. Mamake alikaa eda sauti yake isisikike dirishani, na nyanyake hivyo hivyo. Na wenye nyumba wengi ni wanaume. Nani atapokea simu?

Huwaida. Nani mwengine? Walisoma chuo kimoja cha Kurani, walitogwa masikio siku moja, na jeneza lilipotoka ni Huwaida aliyemshika Bi Alawiya asianguke. Hata kabla ya kuombwa akasema, "Shoga yangu, wewe kaa eda yako utulie. Simu niachie mimi."

Chelangat akaja na kompyuta yake kumfungulia Huwaida ile nafasi ndogo. Bi Alawiya akaona aibu. Huwaida yuko pale pale kitandani, anammenyea chungwa. Mtu mnayekula naye sahani moja, umpe ufunguo nusu mbele ya macho yake? Kwetu hayo ni matusi, tena matusi ya kimya, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Basi akamwambia Chelangat asijisumbue, akamvuta Huwaida sikio, akampa neno zima. Chelangat alikunja uso, akafunga kompyuta. Angesema nini? Yeye ni mgeni, na nyumba ina msiba.

Eda ikaisha. Huwaida ndiye aliyekuja na udi na asumini, akamfukiza nywele. Akamwambia simu zimepungua, watu wanaogopa safari siku hizi, asijitie wasiwasi. Bi Alawiya akarudi ofisini. Na kweli simu ilikuwa ikilia mara moja moja tu, mtalii asiyemjua anauliza kama kuna chumba, au mtu amekosea namba. Wenye nyumba wote kimya. Hata Bwana Jamaludin wa Maskati, mwenye nyumba tatu kubwa, ambaye mkataba wake hufanywa upya mwezi huo huo na bila yeye ofisi inafungwa, hakupiga hata kumpa pole.

Utasema, si apige yeye? Ndugu yangu, mwenye msiba hupigiwa, hapigi. Kumpigia mtu ambaye hajakupa pole ni kumwambia mbona hukulia nami, na Bi Alawiya angekufa kwanza. Akakaa wiki tatu akiungulika kimoyomoyo. Alijiambia kumbe aliyeheshimiwa ni Mselem, na yeye alikuwa anafuata nyuma tu. Wallahi mimi nikikumbuka wiki hizo tatu nataka kumpiga mtu.

Jumatano asubuhi akaingia Mwanatumu wa Chundwa, anayemletea nazi na ndimu za jikoni mwa wageni. Akasimama mlangoni. Akamtazama Bi Alawiya tumboni, akamtazama usoni, akarudi tumboni.

"Mbona uko nje?" akauliza. "Si eda yako mpaka ujifungue?"

"Nijifungue nini?"

"Nilipopiga simu Huwaida aliniambia marehemu kakuachia mimba. Kila apigaye aambiwa hivyo. Nami nimekuletea asali."

Kwa asiyejua, mjane mwenye mimba hahesabu miezi. Eda yake huisha siku anapojifungua. Na Bi Alawiya hakuwahi kushika mimba hata moja. Miaka kumi na minne ya ndoa, mara saba alikwenda kwa madaktari wa Mombasa, na mara zote saba Huwaida alikuwa kiti cha pili, amemshikia mkoba. Akirudi na majibu, alikuwa akilia kwa Huwaida ili Mselem asimwone.

Akamwita Chelangat. Neno la siri lilikuwa limekwisha kubadilishwa, ikabidi wawapigie kampuni na Bi Alawiya ataje namba ya kitambulisho chake ndipo mtambo ukafunguka. Chelangat akasoma, akasoma tena. Namba ya kila mwenye nyumba, na ya kila aliyemzoea Bi Alawiya, ilikuwa imeelekezwa moja kwa moja kwenye simu ya Huwaida. Zisizojulikana ndizo zilizoachwa zilie mezani, ili meza isinyamaze kabisa akashtuka. Rekodi zote zimefutwa.

"Hili si kosa la mtambo," Chelangat alisema. "Mtu alikaa chini akazichagua moja moja."

Huwaida alipoitwa alikuja, na hakukana. Hilo nampa. Alikaa kiti cha wageni, buibui kalikusanya mapajani.

"Miaka yote nakubebea mkoba," alisema. "Miezi hii nimeibeba kazi peke yangu, na wao wameridhika nami. Ungerudi, mimi ningekuwa nani?"

"Ungesema unataka kazi ningekupa nusu. Ningekupa, Huwaida, na wewe wajua." Bi Alawiya akamsogelea. "Mimba ya nini? Katika uongo wote wa duniani, mimba?"

Huwaida akatazama chini. "Ndiyo pekee ambayo hapana mwanamume angeuliza zaidi."

Akaondoka. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wazee walisema, nasi tukadhani wanazungumzia watu wengine.

Chelangat akazirudisha simu zote mahali pake na kuweka neno jipya. Kazi ya dakika kumi. Bi Alawiya hakungoja tena kupewa pole. Akaiweka heshima ya msiba kando, akampigia Bwana Jamaludin mwenyewe. Simu ikapokelewa.

"Bwana Jamaludin, ni Alawiya. Eda yangu imekwisha siku nyingi. Sina mimba wala sikuwa nayo. Huwaida alikudanganya, na simu zako alikuwa akizizuia zisinifikie. Naomba mkataba usiandikwe kabla hatujasema."

Bwana Jamaludin akasema, kwa upole, kama asemavyo mtu na mgonjwa, "Mkataba nimekwisha utia sahihi wiki iliyopita, Bi Alawiya. Kwa jina lake."

"Lakini nakwambia amekudanganya."

"Huwaida alinieleza haya. Alisema msiba umekuingia kichwani, kwamba waikana mimba na wamtuhumu yeye, na kwamba siku moja utanipigia na kusema hivi hivi. Alilia akinieleza. Usijitese, mama. Pumzika. Mwenzio anakupenda."

Bi Alawiya akafungua mdomo kumjibu, na kila neno alilokuwa nalo alikuwa amekwisha semewa.