Nilivyofundishwa Kupumua Biharamulo

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa muuguzi katika zahanati moja karibu na Murusagamba. Mikono ilianza kunitetemeka, nikavunja bomba la sindano, la kioo, tena la mwisho. Mganga wa zahanati alipouliza, nikasema Anjelina, muuguzi mwenzangu, aliliweka vibaya. Akaondolewa kwenye sindano, akapewa kufua bendeji. Mimi nikatumwa Biharamulo kuchukua bomba jingine na kuangaliwa mikono.

Alfajiri nilipanda lori la maharage ya wanajeshi. Hadi Ngara mjini nilirushwa juu ya magunia kama mtoto mgongoni mwa mama anayetwanga. Tulipofika Lusahunga, dereva aliniangalia nilivyojaa vumbi, akauliza kama amepakia muuguzi au tofali.

Kesho yake, katika hospitali ya Biharamulo, Mama Leokadia, mkuu wa wodi, alinikalisha mkekani. Daktari mmoja Mhindi alikuwa amemfundisha yoga, mazoezi ya kupumua, naye akawafundisha wauguzi wake, wakawa wanaifanya kila siku kabla ya zamu.

“Shikamoo, mama. Padre wetu akisikia nafanya mambo ya Kihindu?”

“Marahaba. Kwani padre wenu hapumui?”

Akanipa mrija mkavu, kama ule wa kunywea pombe ya ndizi. Akaniambia nikae wima, nivute hewa puani, niitoe taratibu kwa mrija. Mimi, kwa mazoea ya mtungini, nikautia mdomoni nikavuta kwa nguvu. Wauguzi wakaangua kicheko, Mama Leokadia akapaza sauti:

“Mhangaza huyu wa Ngara! Mtungi ameuona wapi? Toa, baba, toa!”

Siku nne nilitoa. Mikono ikatulia. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona Anjelina na beseni lake.

Safari ya kurudi nilipakata bomba jipya njia nzima. Nilimkuta Anjelina anafua, vidole vimechubuka kwa sabuni. Nikamwita mganga, nikasema mbele yao: bomba nililivunja mimi.

Anjelina akakamua bendeji, wala hakushangaa.

“Nilikuona, kaka. Nilikuwa nangoja useme. Haya, shika beseni, nikadunge sindano.”

Nilifua mpaka vidole vyangu vikafanana na vyake. Pumzi hutuliza mikono, hilo nimelithibitisha. Lakini haiendi kuungama kwa niaba yako. Mikono yangu ilipona kwa siku nne. Anjelina alikaa misimu miwili ya maharage ndipo akanitania tena kama zamani.